Furu Hulala Kati ya Gia ya Pili na ya Tatu

Mdogo wangu mpendwa Masanja,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hapo ulipo umeshaitikia, na shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa: marahaba, mdogo wangu. U hali gani? Kile kifua kimeizoea baridi ya Mbeya au bado unakohoa asubuhi mpaka majirani wanaamka? Unakula chakula cha kueleweka? Sisi huku wazima kwa rehema za Mungu. Mama kule Magu goti linamsumbua mvua ikikaribia, lakini misa hakosi, na akifika anakaa benchi la mbele kabisa ili padre amwone. Anakusalimia sana. Anasema ukija umletee mchele wa Kyela, nami nimemwambia mtu wa Magu kuagiza mchele kutoka mbali ni kujitafutia maneno na majirani.

Sasa kaa chini, maana nina jambo. Nimekaa nalo wiki nzima, hata kwenye foleni ya kukomunika nimejikuta natabasamu peke yangu.

Unajua kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kila Jumapili unapiga, tunaongea habari za mama, habari za mvua, habari za bei ya dizeli huko mnakopita na malori, na mimi nikianza tu kusema "gari" unasema, "Dada, habari nyingine." Basi nimechukua kalamu. Karatasi huwezi kuiambia habari nyingine. Na barua yenyewe sijaifunga kwenye bahasha, nimeiacha wazi hapa dukani. Fundi Magesa ameisoma, Neema mwanao ameisoma, mwalimu wa kwaya ameisoma na akasahihisha pale nilipomtaja. Kila mwenye kuhusika na gari lile, Furu wetu, nataka ajue ninachokuambia.

Ninachokuambia ni hiki: mguu wako haujazeeka.

Usikunje karatasi. Endelea.

Naikumbuka siku ile, nawe unaikumbuka kuliko mimi. Mbio za kupanda kilima upande wa Misungwi, zile wanazoandaa vijana wa gereji, gari moja moja na saa mkononi, kuanzia machimbo ya kokoto mpaka ile njia iliyonyooka ya kwenda shuleni. Wewe kwenye usukani, mimi pembeni na daftari la njia, rozari imening'inia kwenye kioo. Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya? Mimi nasoma, "Kulia kali, kuna jiwe, shikilia," na wewe unajibu "Amina," ndipo najua umesikia na nasoma inayofuata. Wenzetu walitutania kwamba sisi hatukimbizi gari, tunaendesha ibada. Na ile tabo ya kuiongezea injini nguvu ilikuwa bado mpya, tumeifunga wenyewe na Magesa nyuma ya duka, tumefurahi kama watu waliozaa mapacha.

Nilisoma, "Kona ya kisima, kushoto, panda." Ukasema, "Amina." Ukatoka kwenye kona na gia ya pili, Furu anaimba vizuri kabisa, ukaingiza ya tatu, na hapo akanyamaza. Hakuzima. Alibaki anaguna tu, mguu wako umekanyaga mpaka chini, gari linatambaa. Yule mama muuza mahindi ya kuchemsha aliyekuwa anapanda kilima kwa miguu yake akatukuta, akatupita na sufuria yake kichwani, akasema, "Poleni na safari." Watu walicheka kuanzia chini mpaka juu. Hata mimi nilitaka kucheka, kisha nikakutazama usoni.

Jioni uliweka funguo juu ya meza ya duka langu, katikati ya fanibelti na plagi, ukasema, "Dada, mguu wangu umezeeka. Ningebadilisha haraka asingekufa." Nilikuambia ni siku mbaya tu, hukunisikia. Mwezi haukuisha ukapata lori la mizigo, ukaenda Mbeya. Kwenye kwaya kiti chako cha besi kikakaliwa na kijana ambaye, Mungu anisamehe, anaimba kama anayesukuma kabati.

Nikueleze ilivyokuwa. Neema alikuja likizo akafikia kwangu. Siku ya pili tu akafunua turubai nyuma ya duka, akakuta kuku wa jirani ameatamia kwenye kiti chako cha udereva. Akaniita: "Shangazi, hili gari mnalifuga au mnaliendesha?" Magesa naye alikuwapo, na unamjua Magesa, Mjita yule hawezi kupitwa na nafasi ya utani. Akasema Wasukuma wakipenda kitu hukifunika turubai wakakaa wakisubiri kizae. Nilimjibu kwamba Wajita wao wakipenda kitu hukikausha wakakiuza na dagaa. Lakini neno la mtoto liliniingia. Tulimhamisha kuku pamoja na mayai yake, kwa heshima zote, tukabadilisha mafuta na betri, na Furu akaitika kama aliyekuwa anasikiliza mazungumzo yetu muda wote.

Neema anaendesha, Masanja. Simsifii kwa sababu ni damu yetu. Ana mikono yako, na ana kile kitu chako cha kutabasamu pale wengine wanapofumba macho. Tulikwenda kilimani mchana mmoja machimbo yalipofungwa, mimi pembeni na daftari lilelile. Nikasoma. Kona ya kisima, kushoto, panda. Akatoka vizuri, akaingiza ya tatu, na Furu akanyamaza. Palepale! Kwenye ule mchongoma ulioinamia njia, pale yule mama wa mahindi alipotupita.

Neema akanigeukia uso umemsawajika. "Shangazi, nimekosea nini?"

Nilipiga ishara ya msalaba, nikaanza kucheka na machozi yananitoka, mtoto akadhani nimepatwa na kitu. Nikamwambia hajakosea chochote, ageuze turudi chini tuje tena. Tukaja tena, akabadilisha gia haraka zaidi kama ulivyosema ungefanya. Palepale. Tukaja mara nyingine, akabadilisha polepole. Palepale. Mguu wa binti wa miaka ishirini na mbili, mdogo wangu, anayecheza mpira wa pete chuoni kwao. Sasa niambie, mguu huo nao umezeeka?

Tangu dakika ile sikuwa mtu wa kukaa kitini. Nilimfuata Magesa akiwa chini ya pikapu ya mtu, nikamwambia atoke, naye akatoka kwa sababu alisikia sauti yangu si ya kawaida. Akajifuta mikono, akanieleza, na nakueleza nilivyoelewa mimi mtu wa darasa la saba. Tabo inazungushwa na moshi wa eksozi. Injini ikizunguka kwa kasi, moshi unakuwa mwingi, tabo inaamka, inasukuma hewa, na Furu anakuwa na nguvu kama za magari mawili. Injini ikishuka chini ya kiwango fulani, tabo inalala, na Furu anabaki na nguvu zake za kuzaliwa, ambazo unazijua. Sasa, ukibadilisha gia kwenda ya mbele lazima injini ishuke. Swali ni inashuka mpaka wapi. Gia zikiwa zimekaribiana inashuka kidogo, tabo inabaki macho. Zikiwa zimeachana sana inashuka mpaka chini ya pale tabo inapolala. Njia ya tambarare ya kwenda Misungwi haionyeshi tofauti, gari linajikongoja sekunde mbili tabo inaamka tena. Kilimani hakuna wa kulinyanyua.

"Na gia hizi," Magesa akasema, "zilipangwa kiwandani kwa gari la kwenda ofisini lisilo na tabo. Tabo tumeiweka sisi."

Ndiyo hiyo, Masanja. Wewe, mimi na yeye, watu wazima watatu, tulifunga tabo, tukaipigia vigelegele, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama gia za zamani zinaweza kuishi nayo nyumba moja. Tulifikiri nguvu ikiongezwa inatosha.

Basi ikabaki kuchagua gia. Hapo ndipo tulipoingia kwenye kituko ambacho nitakuhadithia, lakini kwanza nikukumbushe kitu. Unakumbuka lori la pamba la baba? Mimi na wewe juu ya marobota, kutoka Magu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Baba akibadilisha gia wewe unabadilisha kwa mdomo, na mimi naishika sauti ya injini pale ilipoangukia na kuiimba. Tulikuwa tunashindana nani ataipata kwanza. Baba alitoa kichwa dirishani akauliza, "Huko juu nimepakia pamba au kwaya?" Tulicheka mpaka nikapoteza kandambili moja njiani, na kuipoteza kwenyewe hatukumwambia mpaka tulipofika.

Mimi sikusoma hesabu za injini, ila nota nazijua, na sauti ikishanipita sikioni naweza kukuambia imeshuka kutoka wapi kwenda wapi. Na ile saa ya mizunguko ya Furu, unajua, ilikufa tangu aliponyweshwa maji ya mvua pale Mkolani. Kwa hiyo nikamwambia Magesa tutasikiliza. Tukipata pale tabo inapoamka, tukapata na pale injini inapoangukia ukiweka ya tatu, tutajua gia tuzikaribianishe kwa kiasi gani. Magesa akanitazama kidogo, kisha akasema yeye tangu zamani hutambua beringi mbovu kwa sikio, haoni kwa nini gia isiwezekane. Neema akaweka simu yake kwenye kiti cha nyuma irekodi, tukapanda kilima, tukarudi dukani, tukaisikiliza.

Na nilisikia vizuri sana, ndiyo hasara yenyewe. Nilisikia sauti inapaa na gia ya pili, nyembamba, tamu, halafu ikiingia ya tatu inaanguka kutoka do ya juu mpaka do ya chini. Oktavu nzima. Nikapiga makofi, nikasema tazameni umbali huo, ndiyo maana anakufa. Magesa akaogopa naye. Akasema kama ni hivyo basi gia zote zinatakiwa zibanane kabisa. Kule Sengerema kuna mzee anayeuza gia za magari yaliyokatwa, ya aina ya Furu anazo seti tatu nne. Magesa akaenda, akaacha seti aliyoiona ya wastani, akaleta iliyobanana kuliko zote. Akafunga. Tukaenda kilimani tunaimba.

Ee ndugu yangu. Kona ya kisima Furu aliipita kama hakuna kilima. Neema alipiga kelele ya furaha, mimi nikapiga nyingine. Tukafika juu. Mbele yetu ile njia iliyonyooka ya kwenda shuleni, tumaini lote limetujaa, Neema akaweka ya nne, akaweka ya tano, Furu analia kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi, na mwendo hauongezeki. Bodaboda iliyobeba kreti za soda ikatupita, na yule kijana akatupungia mkono.

"Shangazi," Neema akasema kwa utulivu, "gia zimeisha na njia bado ipo."

Nilisali siku ile kwa uchungu, sikufichi. Nikamwambia Mungu, umenionyesha kwamba mguu wa ndugu yangu ni mzima, sasa mbona hunionyeshi kilichobaki. Na Magesa alipofungua gia boksi tena akaniita nitazame. Nyuzi za boliti kwenye ganda zimechoka, bati lile si chuma kigumu, kila kufungua na kufunga linaliwa. Akasema atafunga mara moja zaidi, moja tu, na baada ya hapo Furu atavuja mafuta mpaka atafutiwe ganda jingine, na ganda la aina ile hata yule mzee wa Sengerema hana. Kwa hiyo kosa la pili hatuna nafasi nalo.

Alhamisi nilienda mazoezi ya kwaya nikiwa na ile rekodi kwenye simu. Sikuwa na lengo, niliisikiliza tu pembeni kabla watu hawajafika, kama mtu anayebonyeza jino linalouma. Mwalimu Stanslaus, aliyekufundisha besi wewe, akanikuta. Akauliza hiyo ni filimbi ya nani. Nikamweleza yote, kuanzia mama wa mahindi mpaka bodaboda ya soda. Alisikiliza akiwa amefumba macho, unamjua. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akaanza kucheka polepole.

"Mama Joseph," akasema, "mmefuata soprano."

Sikumwelewa. Akasema ile sauti nyembamba ni mluzi wa tabo yenyewe, na tabo ukiachia mafuta inaporomoka inavyotaka, haijali gia. Injini iko chini yake. Akasema hayo ndiyo makosa ya wanakwaya, masikio yote yanakimbilia soprano kwa sababu inasikika, na besi inayobeba wimbo hakuna anayeitazama. Akaninyang'anya simu, akailaza juu ya ngozi ya ngoma kubwa ya kwaya, akaibonyeza kwa kiganja. Na pale, Masanja, kwenye ngozi ya ngoma, mluzi ukafifia na injini ikatoka, nzito, wazi, kama wewe ulivyokuwa unaingia kwenye ubeti wa pili. Nilishika benchi.

Tukaifuata kwenye kinanda. Do ya juu pale Neema anapobadilisha. Tabo inapoamka, so. Na ikiingia ya tatu injini inaangukia fa. Umeona? Fa! Kati ya fa na so ni hatua moja, hatua ambayo mtoto wa kipaimara anaiimba bila kufikiri, na hiyo hatua moja ndiyo Furu alishindwa kuipanda pale kwenye mchongoma, huku mguu wako umekanyaga mpaka kwenye bati.

Nilimpigia Magesa simu aje kanisani vilevile alivyo. Akaja na ovaroli yake, akasimama mlangoni kwa sababu ya grisi, tukamvuta ndani. Yeye alikuwa amehesabu meno ya gia zote, za Furu na zile alizoziacha Sengerema. Mwalimu akiwa kwenye kinanda akamwuliza ya pili na ya tatu za zamani zimeachanaje.

"Tatu kwa mbili," Magesa akasema.

Mwalimu akabonyeza do ya juu, kisha fa. "Tatu kwa mbili ni fa."

Tukatazamana.

"Na zile za wastani ulizoziacha?"

"Nne kwa tatu."

Mwalimu akabonyeza do ya juu, halafu so, akaiacha so ilie mpaka ikaisha yenyewe.

Sijui kama naweza kukueleza nilivyojisikia. Meno ya chuma aliyohesabu mtu mwenye grisi na sauti tunazomwimbia Mungu kila Jumapili, vimekutana kwenye hesabu moja, na hakuna aliyevipangia mkutano. Mwalimu anasema ndivyo ilivyo, sauti nayo ni mizunguko, kuna mingi na michache. Labda kwa wasomi ni jambo la kawaida. Mimi nilipiga magoti palepale mbele ya kinanda, na Magesa, ambaye kanisani huonekana Krismasi, akavua kofia.

Jumamosi nilikwenda Sengerema mwenyewe. Nilipanda kivuko cha Kamanga asubuhi, nikamkuta mzee, nikachukua seti ile ya wastani na gia moja zaidi nitakayokueleza, nikazifunga kwenye kitenge ndani ya kikapu. Wakati wa kurudi jamaa mmoja aliyekaa karibu nami akainusa hewa, akaniuliza nimebeba sangara wa kukausha au nini, mbona kikapu kinazamisha bega. Nikamwambia ni gia ya tatu, ya nne na ya tano. Akahamia benchi jingine. Mimi nikatoa rozari, nikasali mpaka tukafika, na ziwa lilikuwa limetulia kama limepigwa pasi.

Magesa amepima kila kitu. Kutoka ya pili kwenda ya tatu injini inaangukia so, tabo iko macho. Ya tatu kwenda ya nne, vilevile. Ya tano haina mbio kama ile ya kiwandani, kwa hiyo kwenye lami ya tambarare hatutamkimbiza mtu, hilo tumelikubali. Lakini ile njia ya shuleni si ndefu, na kwa hesabu yake njia itaisha kabla gia hazijaisha, safari hii.

Imebaki ya kwanza tu.

Zipo mbili mezani. Ile ya kiwandani ni ya nguvu. Unaondoka kwa urahisi, hata mtu wa kujifunza anaondoka nayo, ila ukiingiza ya pili injini inaanguka mpaka mi, tabo inalala pale mwanzoni kabisa, na sekunde zinapotea kabla hata hujafika kwenye jiwe la kwanza. Nyingine, hii niliyoiongeza Sengerema, ni ya mbio. Ukitoka nayo ukaingia ya pili unaangukia so, na tabo hailali tena mpaka mwisho wa safari, kuanzia machimbo mpaka shuleni. Lakini kuondoka nayo ni kazi. Inataka injini iwe juu na klachi iachiwe kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia begani. Ukikosea kidogo gari linazima watu wanakutazama, au klachi inaungua.

Nilimwuliza Magesa achague. Akakataa. Nikamwambia yeye ndiye fundi. Akasema, "Hiyo haichagui fundi, Mama Joseph. Hiyo anachagua mwenye mguu." Akaongeza kwamba katika mafundi na madereva wote wa hapa Mwanza, mguu wa kushoto anaoujua wa kuondoka na gia ile uko Mbeya unaendesha lori la mizigo.

Nikamwuliza na Neema, maana ni haki yake, yeye ndiye aliyepanda kile kilima mpaka tukaujua ukweli. Akasema anaweza kuendesha na ile ya nguvu, atafika, hataaibisha mtu. "Lakini mimi nataka kiti chako, Shangazi. Nataka nimsomee baba njia." Sikuumia hata kidogo, nisikudanganye. Macho yangu siku hizi daftari nalisoma kwa kulisogeza mbali, na kwa mwendo wa Furu mpya nitakuwa nasoma kona ya jana. Mimi nitasimama pale kona ya kisima na mwalimu na kwaya yote, wameshaniahidi.

Siku hizi nikipita kwenye meza ile nashindwa kupita bila kugusa gia moja, moyo unanienda mbio kama nilivyokuwa juu ya marobota. Na kila nikifurahi nakuona wewe ukiweka funguo mezani, na najua umeendesha mlima wa Kitonga na mizigo yako usiku na mchana ukiamini kwamba siku ile ulitushusha. Hukutushusha. Ulikanyaga mpaka chini, kwa wakati, na chini ya mguu wako hapakuwa na kitu cha kukanyaga. Nimeliona kwa macho yangu mara tatu na nimelisikia kwenye ngozi ya ngoma. Hata ukiamua hutaki kuendesha tena maisha yako yote, hilo lichukue, ni lako.

Sasa nijibu, Masanja, na nijibu mapema. Kwa barua, kwa simu, kwa dereva mwenzako anayekuja huku, vyovyote. Neno moja linatosha: ya nguvu au ya mbio. Ukisema ya nguvu, Magesa atafunga kesho yake, Neema ataendesha, nami sitakuuliza tena na hutanisikia nikinung'unika. Ukisema ya mbio, tutajua unakuja. Tunakusubiri kabla ya kugusa boliti hata moja.

Mungu akulinde barabarani, na kofia ya sufu uivae asubuhi.

Ni mimi dada yako akupendaye.